Hundi za Kodi Humfikia Nani, na Lini?

Uchumi ukianza kuyumba, serikali za nchi tajiri huwa na dawa moja isiyokosa kutajwa: kuwarudishia wananchi sehemu ya kodi waliyolipa ili waingie madukani. Mantiki yake haina ugumu. Muuzaji akiuza ataagiza mzigo mwingine, kiwanda kikipata oda hakitapunguza wafanyakazi, na wafanyakazi wasiopunguzwa nao watanunua. Serikali inakopa leo kwa matumaini kwamba shughuli zikichangamka itakusanya zaidi kesho.

Katika mlolongo huo kuna hatua ambayo hotuba za bajeti huipita mbio. Aliyepokea fedha sharti azitumie, tena mapema, kabla mdororo haujamaliza kazi yake. Asipozitumia, serikali itakuwa imekopa kwa riba ili kumwongezea mtu salio benki. Marekani imelijaribu jambo hili mara kadhaa tangu miaka ya 1970, na ukiusoma ushahidi wake utaona kwamba ugomvi wa kila mara kuhusu ukubwa wa hundi unakosa shabaha. Kinachoamua ni hali ya mfuko wa mpokeaji siku ile fedha zinapoingia. Na marejesho yanayopimwa kwa kodi aliyolipa mtu yana kawaida ya kwenda kwa wale ambao mifuko yao haikuwa mitupu.

Tuanze na 1975, kwa sababu makosa yote makubwa yalikuwamo tayari. Oktoba 1974 Rais Gerald Ford alilitaka Bunge la nchi hiyo litoze nyongeza ya kodi ya 5% kwa makampuni na watu wa kipato cha juu, ili kupambana na mfumuko wa bei. Miezi mitatu baadaye, ajira zikiwa zinaporomoka, aligeuka akaomba kinyume chake. Tarehe 29 Machi 1975 alitia saini sheria ya kuwarudishia walipakodi 10% ya kodi yao ya 1974, kikomo kikiwa dola 200. Baadaye NBER, taasisi ya watafiti inayotambuliwa kwa kutaja mwanzo na mwisho wa midororo nchini humo, ilitamka kwamba mdororo ule ulifika mwisho Machi hiyohiyo. Kwa maneno mengine, hundi zilipoanza kusambaa mgonjwa alikwisha kuinuka kitandani. Kiwango cha akiba cha kaya kiliruka ghafla, kisha kikarudi kilikokuwa.

Miaka miwili baadaye Jimmy Carter alipendekeza kumpa kila mtu dola 50, akaona uchumi unakwenda vizuri, akaliondoa pendekezo lake mwenyewe Aprili 1977. Alichekwa kwa kigeugeu. Mimi nadhani ni mojawapo ya maamuzi ya busara katika historia nzima ya hundi hizi.

Sheria ya 1975 ilikuwa na kipengele kingine ambacho wakati huo hakikupigiwa kelele: nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini wenye watoto. Tofauti yake na hundi za Ford ni kwamba mtu ambaye kodi yake ni ndogo kuliko nafuu anayostahili hulipwa tofauti hiyo taslimu. Hundi zilisahaulika, lakini kipengele kile kipo hadi leo, na kimekua kuwa mojawapo ya njia kubwa za serikali ya Marekani kuwaondoa watu katika umaskini. Aliyekiandika alikuwa ameshalijibu swali ambalo wabunge wangeendelea kugombania kwa zaidi ya miaka thelathini: je, asiyedaiwa kodi ya mapato apewe kitu?

Kwa wanauchumi wa wakati huo, kushindwa kwa 1975 hakukuwa ajabu. Milton Friedman alikuwa ameeleza tangu 1957 kwamba watu hupanga matumizi yao kwa kuangalia kipato wanachotarajia kwa muda mrefu, si kilichoingia mwezi huu. Dola 200 za mara moja hazibadili matarajio ya miaka ishirini, kwa hiyo nyingi zitawekwa. Ushahidi wa upande wa pili ulikuwapo. Mwaka 1968 serikali ya Lyndon Johnson ilitoza nyongeza ya kodi ya muda ya 10% ili kutuliza bei, na watu, wakijua haitadumu, walipunguza akiba zaidi ya walivyopunguza manunuzi. Mwaka 1974 Robert Barro alikwenda mbali zaidi: mkopo wa serikali leo ni kodi ya kesho, na raia mwenye akili ataiweka hundi yote akisubiri siku ya kuilipa.

Hoja ya Barro inapendeza ukiisoma. Tatizo ni kwamba inamtaka raia awe na uwezo wa kukopa anapotaka kwa riba nafuu, na awe anakokotoa nakisi ya bajeti ya vizazi vijavyo. Mtu ambaye mshahara wake unaisha siku tano kabla ya mshahara mwingine hana nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kwake dola mia tatu ni bili ya umeme iliyokwisha pitwa na tarehe. Kwa hiyo mabishano ya kinadharia, hata yakiwa marefu namna gani, huishia kwenye hesabu moja: watu wa namna hii ni wangapi, na hundi inawafikia?

Jibu la kwanza la kuaminika lilikuja 2001, tena bila mtu kulipanga. Serikali ya George W. Bush ilipitisha punguzo la kodi mwezi Juni, na sehemu yake ikatolewa mapema kwa hundi: hadi dola 300 kwa mtu mmoja na 600 kwa wanandoa, jumla karibu dola bilioni 38. Mamlaka ya mapato haikuweza kuchapa na kutuma hundi zote kwa mpigo. Ilizituma kwa zamu kati ya Julai na Septemba, ikifuata tarakimu mbili za mwisho za namba ya Hifadhi ya Jamii ya mlipakodi. Tarakimu hizo hazihusiani na kipato, umri wala mahali mtu anapoishi. Bila kukusudia, serikali ilikuwa imewagawa wananchi kwa bahati nasibu, na watafiti wakapata kitu ambacho ni adimu mno katika uchumi: familia zinazofanana kwa kila hali isipokuwa wiki waliyopokea fedha.

David Johnson, Jonathan Parker na Nicholas Souleles walizilinganisha familia hizo. Waligundua kwamba kaya ya kawaida ilitumia kati ya 20% na 40% ya hundi katika miezi mitatu ya kwanza kwa vitu visivyo vya kudumu kama chakula na mavazi, na ukijumlisha miezi mitatu iliyofuata, karibu theluthi mbili. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko ambacho Friedman angekubali. La muhimu zaidi ni kwamba kaya zenye kipato kidogo na zisizo na akiba ya karibu ndizo zilizotumia sehemu kubwa zaidi.

Wakati huohuo Matthew Shapiro na Joel Slemrod walichukua njia nyepesi zaidi, wakawauliza watu wenyewe. Ni 22% tu waliosema hundi ingewafanya hasa waongeze matumizi. Wengine walisema wataweka au watalipa madeni. Nani anasema kweli? Yawezekana wote. Sumit Agarwal, Chunlin Liu na Souleles walipochunguza akaunti za kadi za mkopo za mwaka ule waliona mwenendo wa kuchekesha kidogo: watu walianza kwa kupunguza deni la kadi, na miezi iliyofuata wakairudia kadi ileile na kununua. Aliyemwambia mtafiti kwamba amelipa deni hakudanganya. Alikuwa amesimulia nusu ya kwanza ya hadithi.

Lakini angalia ni nani aliyeachwa mwaka ule. Hundi ilihesabiwa kutokana na kodi ya mapato, kwa hiyo mamilioni ya wafanyakazi ambao mishahara yao ilikuwa midogo kiasi cha kutodaiwa kodi hiyo hawakupata hata senti. Waliotetea mpango walisema huwezi kumrudishia mtu asichokitoa. Ni hoja inayosikika ya haki hadi utakapoangalia hati ya mshahara ya mfanyakazi huyo, ambamo 7.65% imekatwa tangu dola ya kwanza kwa ajili ya pensheni ya uzeeni na matibabu ya wazee. Analipa. Ila halipi kwenye dirisha ambalo wabunge walikuwa wanaliangalia. Na tukirudi kwenye lengo lililotajwa, yaani kuamsha manunuzi, yeye ndiye ambaye watafiti wangegundua kuwa angezitumia fedha hizo haraka kuliko wote.

Mwaka 2008 kosa hilo lilirekebishwa nusu nusu. Sheria ilisainiwa 13 Februari na malipo yakaanza mwishoni mwa Aprili, kasi ya kupongezwa kwa serikali yoyote. Mtu mmoja alipata hadi dola 600, wanandoa 1,200, na 300 zaidi kwa kila mtoto. Waliokuwa na kipato kisichopungua dola 3,000, wakiwamo wastaafu, waliingizwa hata kama hawakudaiwa kodi. Wenye kipato cha juu ya dola 75,000 walipunguziwa taratibu. Ila aliyekuwa chini kabisa alipewa 300, nusu ya aliyemzidi kipato. Sijawahi kusikia maelezo ya kiuchumi ya nusu hiyo. Nadhani hayapo, na kwamba ilitokana na maafikiano ya kisiasa kati ya walioona hii ni kodi inarudi kwa mwenyewe na walioona ni msaada. (Mamlaka ya mapato ilitumia pia dola milioni 42 hivi kutuma barua za kuwajulisha watu kwamba hundi zinakuja. Barua hizo hazikuchochea chochote, labda biashara ya bahasha.)

Matokeo yake bado yanabishaniwa. Uchunguzi wa awali uliotumia tena tarakimu za bahati nasibu ulidai kwamba ukihesabu na magari, kaya zilitumia kati ya 50% na 90% ya fedha ndani ya miezi mitatu. Wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba njia ya hesabu iliyotumika ilikuwa na kasoro, kwani kuwalinganisha waliopokea leo na waliopokea mwezi uliopita, ambao bado wanaendelea kuzitumia, huleta picha iliyopotoka. Walipoisahihisha, makadirio yakashuka. Mimi nisingejenga sera juu ya ile 90%. Mwanauchumi John Taylor naye alionyesha mchoro uliopendwa sana na wapinzani wa hundi: mwezi Mei 2008 kipato cha Wamarekani kilipanda kama mnara, na mstari wa matumizi ukabaki karibu ulivyokuwa. Mchoro huo haudanganyi, lakini hauwezi kusema mstari wa matumizi ungeshuka hadi wapi kama hundi zisingekuja. Kiangazi kile petroli ilivuka dola 4 kwa galoni na pipa la mafuta ghafi likagusa dola 147 mwezi Julai. Sehemu ya fedha iliishia kwenye tangi la gari, na kutoka hapo kwa nchi zinazouza mafuta. Septemba benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilianguka, msukosuko wa fedha ukalipuka, na baada ya hapo kuuliza kama dola 600 zilisaidia ni kama kuuliza kama mwavuli ulifaa katika kimbunga.

Kuna fumbo moja ambalo hesabu za kipato haziwezi kulifumbua. Baadhi ya kaya zilizotumia hundi haraka hazikuwa maskini. Greg Kaplan na Giovanni Violante walitoa maelezo 2014: karibu theluthi ya kaya za Marekani huishi kwa mshahara hadi mshahara, na wengi wao wana mali. Wana nyumba, wana pensheni iliyofungwa hadi uzeeni, ila hawana fedha za kushika mkononi. Utajiri wao umo kwenye matofali. Mtu wa namna hiyo akipewa hundi atafanya kama maskini, kwa sababu siku ile ndivyo alivyo. Jambo hili linawatatiza wanaotaka hundi ziende kwa kipimo cha kipato peke yake, nami nikiwamo. Kipato cha mwaka jana ndicho kitu pekee ambacho mamlaka ya mapato inakijua vizuri. Salio la benki la leo hailioni, na pengine ni heri isilione. Kwa hiyo ulengaji kamili hautapatikana. Kinachowezekana ni kuacha kulenga kinyume, kama ilivyofanyika 2001.

Namna ya kufikisha fedha nayo ina mambo yake. Utawala wa Obama, ukiwa umeonywa kwamba hundi huwekwa, ulijaribu ujanja mwingine 2009: dola 400 kwa mfanyakazi, 800 kwa wanandoa, zikitolewa kidogokidogo kwa kupunguza makato ya mshahara. Nadharia ya saikolojia ilisema mtu asiyeziona fedha zikija hataziweka kando. Kweli hawakuziona. Kura ya maoni ya Februari 2010 ilikuta 12% tu ya Wamarekani wanaoamini kwamba kodi zao zimepungua. Lakini Shapiro, Slemrod na Claudia Sahm walipowauliza watu, ni 13% waliosema nyongeza ile iliwafanya hasa watumie zaidi, dhidi ya 25% kwa hundi za 2008. Serikali ilipoteza sifa bila kupata manunuzi.

Japani ilikuwa imejaribu kulazimisha. Mwaka 1999 ilitoa kuponi za yeni 20,000 kwa familia zenye watoto na kwa baadhi ya wazee, zikiwa na uhai wa miezi sita tu. Kuponi zilitumika, bila shaka. Kwa sehemu kubwa familia zilinunulia vitu ambavyo zingenunua hata hivyo, na yeni taslimu zilizosalimika zikabaki benki. Uingereza ilishusha VAT kutoka 17.5% hadi 15% kwa miezi kumi na mitatu kuanzia Desemba 2008, na Ujerumani kutoka 19% hadi 16% kwa nusu ya pili ya 2020. Njia hiyo haihitaji orodha ya majina na humpa nafuu anayenunua tu, ila sehemu ya nafuu hubaki kwa muuzaji asiyeshusha bei yote, na anayenunua kingi hunufaika zaidi ya anayenunua kidogo.

Halafu ikaja 2020. Dola 1,200 mwezi Machi, 600 mwezi Desemba, 1,400 Machi mwaka uliofuata. Safari hii hakukuwa na kima cha chini cha kipato, kwa hiyo maskini kabisa alistahili kiasi kamili, ingawa aliyekuwa hawasilishi ritani za kodi alilazimika kujiandikisha na mara nyingi akapata mwisho. Aprili 2020 kiwango cha akiba cha kaya kilipita 30% ya kipato, jambo lisilo na mfano katika takwimu hizo. Haikushangaza. Maduka yalikuwa yamefungwa. Hundi za kwanza hazikuwa kichocheo, zilikuwa bima ya maisha ya watu walioamriwa kukaa nyumbani, na kwa kazi hiyo zilifaa. Nisichoweza kukitetea ni upana wa zile za tatu, ambazo wanandoa wenye kipato cha dola 150,000 walizipata kikamilifu wakati uchumi unafunguka. Mahitaji yalikutana na bandari zilizosongamana na viwanda visivyo na vipuri, kisha bei za nishati zikapaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na Juni 2022 mfumuko wa bei ukafika 9.1%. Hundi hazikuwa sababu pekee. Zilikuwa mojawapo, na waliolipia kwa uchungu ni walewale wenye mfuko mtupu.

Wapo wanaosema akiba na malipo ya deni si hasara, kwani kaya iliyopunguza deni ni kaya yenye nguvu mwakani. Nakubali kabisa. Ila huko ni kutibu mizania ya kaya, na kunahitaji mpango wake na muda wake. Huwezi kuwaambia wananchi mnakopa mabilioni ili maduka yachangamke mwezi ujao, halafu fedha zikienda kwenye madeni mkadai hilo ndilo lilikuwa kusudi.

Pendekezo linalonivutia ni la Claudia Sahm huyohuyo wa zile dodoso. Mwaka 2019 alishauri malipo yaandikwe katika sheria mapema, bila kufungwa kwenye kodi aliyolipa mtu, na yaanze yenyewe pale wastani wa miezi mitatu wa ukosefu wa ajira unapopanda kwa nusu pointi ya asilimia kutoka kiwango cha chini cha miezi kumi na miwili iliyotangulia. Hakuna kusubiri Bunge ligombane hadi mdororo umekwisha kama 1975. Kipimo chake kilikuja kuwa maarufu miongoni mwa wachambuzi wa masoko kuliko mpango wenyewe, na Agosti 2024, takwimu za ajira za Julai zilipotoka, kiligonga kengele. NBER haikutangaza mdororo, na Sahm mwenyewe alikuwa akitahadharisha kwamba ongezeko la wanaotafuta kazi huenda linakivuruga. Kama sheria ingekuwapo, hundi zingeondoka wakati mfumuko wa bei ndio kwanza unatulia.

Hilo ni doa la kweli, na linaweza kupunguzwa kwa kulipa kwa awamu ndogo zinazokoma ajira zikitengemaa. Kikwazo kikubwa zaidi kiko kwingine. Hundi za karatasi za 2020 zilichapwa jina la Rais Donald Trump kwenye sehemu ya maelezo. Sheria inayojiwasha yenyewe haina mahali pa kuandika jina la rais, haina hafla ya kutia saini, na huenda ikaanza kulipa akiwa madarakani mpinzani wa yule aliyeipigania. Hadi sasa Bunge la Marekani halijaipitisha.